Mwaka Baba Alipogema Ulanzi wa Ada

Wasomaji wenzangu, kabla ya yote naomba mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinapanda na kushuka kama njia ya mlimani, na pale nilipokosea maneno msinicheke sana. Shule yangu iliishia darasa la nne, na naandika polepole. Tena mimi ni mtu wa aibu. Mbele ya watu maneno hunikauka mdomoni, lakini nikiwa peke yangu na karatasi huja yenyewe, moja moja, nami huyangoja.

Ninakaa hapa Iyunga kwa kaka yangu Yohana, anayefanya kazi ya barabara. Asubuhi ukungu ukishuka na kufunika nyumba, hata malori ya barabara kuu unayasikia tu, huyaoni. Saa hiyo ninashika kikombe cha chai na kusimama mlangoni, na bila kujua nimekwisha rudi kwetu. Kwetu ni Uhehe, milimani upande wa Kilolo, ukipanda kutoka Ipogolo karibu siku nzima kwa miguu. Ukungu wa kule ni huu huu. Ila ule wa kwetu ulikuwa na harufu ya moshi wa kuni mbichi na majani ya mwanzi yaliyolowa.

Enzi zile tulipokuwa wadogo, mvua ilikuwa mchezo wetu wa kwanza. Mwanzi unapokua huvua maganda makubwa, magumu, yenye vinyweleo vinavyowasha. Sisi tuliyaokota, tukayapangusa mchangani, tukayakalia na kuteleza nayo kutoka juu ya kilima hadi kwenye mto. Tulifika chini tumejaa matope, tunawashwa mapajani, tunacheka. Nyumbani Mama alitungojea na fimbo ambayo sikuwahi kumwona akiitumia. Alituuliza tu, "Nani kawaambia nguo zinaota shambani?" Kisha alituweka karibu na moto, na tulikula mahindi ya kuchoma huku mvuke ukitutoka mgongoni kama ng'ombe waliotoka kulima.

Mwezi wa kuiva masuku, yale matunda ya porini, tulikuwa hatukai nyumbani. Tulishinda porini, meno yetu yakabadilika rangi, na jioni hakuna aliyetaka ugali. Jirani yetu Mzee Lukas, ambaye hakuwa na mtoto lakini alijua majina ya watoto wote, alikuwa akisema, "Hawa si watoto, hawa ni ngedere waliobatizwa."

Shule ilikuwa ya misheni, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa kanisa letu Jumapili. Tuliandika kwanza mchangani kwa vidole, halafu ukiwa umejua ndipo unapewa kibao cha kuandikia. Kengele yetu ilikuwa chuma cha gurudumu la gari, kimetundikwa kwenye tawi. Mwalimu Samweli alipokigonga sauti yake ilipita juu ya ukungu hadi ng'ambo ya bonde, na sisi tuliokuwa bado njiani tulianza kukimbia, kila mmoja na kipande chake cha kuni kwa ajili ya jiko la mwalimu. Watoto wa leo wanapewa daftari, penseli, na wengine hata viatu, na bado wanaumwa tumbo siku ya hesabu. Sisi tumbo lilituuma Jumamosi, kwa sababu hakuna shule.

Kwangu mimi shule ilikuwa mahali pa kuwa kimya bila kuulizwa una nini. Nilikaa kando ya rafiki yangu Tabita, msichana mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Mwalimu akiniuliza jambo, mimi nilimnong'oneza Tabita, na Tabita alilitangaza. Mwalimu Samweli alizoea. Alisema, "Haya, Tabita, Rebeka anasemaje?"

Wakati ule ada ilikuwa ndogo, na asiyekuwa na fedha alipeleka kuku au debe la mahindi, akapokelewa. Mwaka tulioingia darasa la nne mambo yakageuka. Jumapili moja mwanzoni mwa mwaka, baada ya ibada, Mwalimu Samweli alisimama mbele ya wazazi, kofia mkononi. Alisema misheni imemleta mwalimu wa pili na inaezeka nyumba upya, kwa hiyo ada imepanda. Kuku hawapokelewi tena, fedha tu. Nusu italipwa sasa, nusu baada ya Pasaka, na mtoto asiyemaliza kulipiwa atakaa nyumbani.

Wazazi hawakupiga kelele. Watu wa kwetu wakiumia hunyamaza kwanza. Nakumbuka sauti ya mama mmoja tu, aliyekuwa amebeba jogoo wake tayari kwa ada, akiuliza polepole, "Sasa huyu nimrudishe?"

Kuanzia siku ile kijiji kizima kilikuwa kinatafuta ada. Wanawake walikwenda mtoni kukata milulu, wakasuka vikapu mpaka vidole vikapasuka, wakavishusha Ipogolo kuwauzia wasafiri. Wanaume wengine walikwenda Mufindi kuchuma chai. Kaka Yohana alikuwa huko tayari, na kidogo alichotuma kilinunua chumvi na mafuta ya taa. Wengine waliona bora mmoja asome na wengine wangoje. Na mara nyingi, mjue, aliyeambiwa angoje alikuwa wa kike. Baba yake Tabita alikuwa na watoto watatu shuleni. Akawaacha wale wa kiume waendelee kusoma, Tabita akarudi nyumbani. Siku ya kwanza aliponipita akiwa na mtungi kichwani, nami nina kibao mkononi, alinipigia kelele kutoka mbali, "Rebeka! Leo nani atakusemea?" Alicheka. Mimi sikucheka.

Baba yangu, Mzee Yeremia, alikuwa mkulima, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Kiti chake kilikuwa mbele, karibu na mimbari, na Jumapili alikaa pale amevaa koti la kahawia ambalo Mama alilipiga pasi ya mkaa toka Jumamosi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini akipita kwenda kwenye kiti kile, alitembea tofauti na alivyotembea shambani. Nilikuwa mtoto, nililiona hilo.

Mbuzi wetu waliuzwa, na nusu ya kwanza ya ada ikalipwa. Kwa nusu ya pili hapakuwa na mbuzi. Na hapo ndipo Shangazi, dada yake Baba, alipokuja kututembelea. Alikula, akashiba, akapangusa mikono, akasema, "Kaka, kuna watu wema ng'ambo ya bonde. Wana kijana. Wameniuliza kama huyu wenu bado anasoma."

Mama akasema, "Anasoma."

"Nimesikia ada imewashinda wengi."

"Anasoma, wifi," akasema Mama, akaondoa sahani.

Shangazi alimwangalia Baba. "Mimi nimetumwa tu. Wamesema wakisikia amerudi nyumbani, watakuja na jembe." Kwetu jembe ndilo la kufungulia mlango wa posa. Nilikuwa nakaribia miaka kumi na minne. Niliangalia moto, na ndani ya moto niliona jembe.

 Kesho yake alfajiri Baba alichukua panga, akaenda mianzini.

Lazima niwaeleze habari za mianzi hiyo, kwa sababu wasomaji wa pwani au wa kanda nyingine huenda hawaijui. Nyuma ya nyumba yetu, mteremko wote hadi mtoni ulikuwa mianzi ya marehemu Babu. Wakati wa mvua, chipukizi la mwanzi ukilikata ncha, hutoa maji matamu. Unalitundikia kikombe cha mwanzi kiitwacho mbeta, na kila asubuhi na jioni unapunguza ncha kidogo ili lisizibe. Maji hayo ndiyo ulanzi. Yakiwa ya asubuhi ni matamu, hata mtoto anakunywa. Yakikaa na jua likayaona, yanachacha na kuwa pombe. Babu alikuwa mgema aliyejulikana mpaka Kalenga. Lakini Baba alipobatizwa aliambiwa pombe si ya Mkristo, naye akaacha kugema kabisa, hata ulanzi mtamu. Mianzi ikakaa bila mtu, ikawa msitu wetu wa kuotea ndoto. Upepo ukipita ilisugua vichwa na kulia kama watu wanaozungumza chumba cha pili.

Sasa Baba akaisafisha. Akakata njia, akakata ncha. Akapanda darini, juu ya jiko, akashusha mbeta za Babu, nyeusi kwa moshi wa miaka. Mama alizisugua kwa mchanga na maji ya moto mpaka mikono ikavimba.

Baba alijiwekea sheria yake. Angeuza ulanzi mtamu tu, wa alfajiri. Chuma cha shule kikigongwa, biashara imekwisha, na chochote kilichobaki kinamwagwa chini. Alimweleza Mama hivi, nami nikamsikia: "Nikiuuza kabla haujawa pombe, sijauza pombe." Aliyasema mara nyingi, kama mtu anayekariri somo.

Ee, ndugu zangu, asubuhi zile! Nikifumba macho nazipata zote. Naamka bado giza kidogo, nabeba kibuyu, namfuata Baba kwenye njia yenye umande. Mianzi imesimama kwenye ukungu kama watu warefu wanaongoja kuitwa majina. Kila mahali unasikia, tii, tii, tii, matone yakianguka ndani ya mbeta. Nyuki wanazunguka. Baba ananishushia mbeta moja, ananipa funda la kwanza. Ule utamu, baridi, na harufu ya majani mabichi, sijaupata tena katika soda yoyote ya mjini. Kisha naye anakunywa kidogo, anafuta masharubu, anatazama juu, na kwa muda mfupi anakuwa kijana wa Babu na si mzee wa kanisa.

Wateja walikuja na vibuyu, wakanunua, wakaondoka upesi. Ajabu ni kwamba hawakunywa pale. Walivifunga vibuyu vizuri, wakavipeleka nyumbani na kuviweka kwenye kona yenye joto. Jioni kijiji kilikuwa na furaha ambayo Baba hakuiuliza.

Mzee Lukas ndiye aliyekuwa akimtania waziwazi. "Kamwene, Yeremia! Nipe ulanzi wako uliookoka."

"Kamwene, Lukas. Unywe sasa hivi."

"Sasa hivi sina kiu. Kiu yangu huja saa kumi."

Na siku moja chuma kilipogongwa, Baba akamwaga kilichobaki, Mzee Lukas alishika kichwa. "Mnyalukolo, ndugu yangu! Unawanywesha panya? Panya wa kwenu watafanya harusi!"

Siku nyingine aliziangalia zile mbeta nyeusi, akaigonga moja kwa ukucha. "Hizi si za marehemu?"

"Ndizo. Mama Yohana kaziosha kwa maji ya moto."

"Basi sawa," akasema Mzee Lukas, akaenda zake akitabasamu. Baba hakulifikiria tabasamu lile. Angekuwa amegema miaka yote, angelijua. Mbeta iliyokunywa pombe miaka mingi imeshiba chachu ndani ya nyama yake, na hata uioshe vipi, ulanzi unaoingia humo unaanza kufanya kazi mapema kuliko unavyodhani. Lakini Baba alikuwa ameacha kazi ile akiwa kijana, na mambo mengine hayasimuliwi, yanajulikana na mikono.

Fedha ya ada ilikuwa inakaribia kutimia. Ndipo ikaja Jumatatu ya Pasaka.

Mwaka ule usharika wa ng'ambo ya bonde ulikuja kutuimbia. Wageni walikuwa wengi, wazee wao wa kanisa na kwaya yao. Wanawake wa kwetu walikosa la kuwapa, maana sukari ilikuwa ghali na fedha yote imekwenda kwenye ada. Mama akasema, "Tuna ulanzi mtamu wa leo asubuhi. Ni maji ya mwanzi tu." Mke wa mchungaji akaonja, akafurahi, akakubali. Vibuyu vikapangwa nje nyuma ya ukuta wa kanisa.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Kisha, kama lililotumwa, jua likatoka, jua ambalo hatukuwa tumeliona wiki nzima. Mhubiri mgeni alikuwa na maneno mengi mazuri. Alimaliza, akakumbuka jambo, akaanza tena. Kwaya ikaimba zote ilizokuja nazo. Na nyuma ya ukuta vibuyu vilikuwa vinaota jua.

Wageni walikaribishwa uani, wakagawiwa. Walikuwa na kiu kweli, maskini. Wakasifu, wakaongezwa. Mimi nilikuwa napita na kata ya maji ya kunawa, na nikaona povu juu ya vikombe. Baada ya muda mzee mmoja wa wageni, mwembamba, mwenye miwani, aliyekuwa amekaa kimya toka asubuhi, akasimama akaanzisha wimbo ambao kwaya ilikuwa imekwisha uimba. Akauimba kwa sauti ya chini kabisa, kisha ya juu kabisa. Wenzake wakamsaidia. Mmoja akaanza kupiga mguu chini kwa mtindo wa ngoma za zamani, ile ya kurukia, na mke wake akamvuta koti akisema, "Baba Eliya, kaa! Baba Eliya, hapa ni kanisani!"

"Na mimi namsifu nani?" akajibu Baba Eliya, akaruka tena.

Watoto tulikufa kwa kicheko. Lakini nikamwona Mchungaji akiinua kikombe chake, akanusa, akaonja kidogo, akakirudisha juu ya meza taratibu. Hakumwangalia mtu yeyote isipokuwa Baba. Na Baba, aliyekuwa amesimama na koti lake la kahawia, alikuwa anaangalia vibuyu kama mtu aliyemwona marehemu baba yake akitoka darini.

Mzee Lukas alikuwa nyuma yetu. Akasema polepole, bila utani mara hii, "Nilidhani anajua."

Baada ya siku chache baraza la wazee likakaa, mchana, uani kwetu. Mimi nilikuwa napukuchua mahindi kando ya ghala, kwa hiyo niliyasikia yote. Mwalimu Samweli naye alikuwapo, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wazee. Mchungaji wetu hakuwa mtu mkali. Alikuwa Mbena, amekulia mianzini kama sisi.

Akasema, "Mzee Yeremia, mimi najua mwanzi. Najua jua limefanya nini na mbeta zimefanya nini. Ya Jumatatu tutasema ni bahati mbaya. Lakini watu wanaonunua kwako wanalewa jioni, na wewe unajua. Acha kugema leo, na kiti chako kitabaki chako. Ukiendelea, hatuna njia. Utakaa nje ya meza ya Bwana, na kitini patakuwa wazi."

 Punje za mahindi zilikuwa zinadondoka kwenye ungo wangu, nikaacha kupukuchua ili nisikie.

"Mvua imebaki kidogo," akasema Baba. "Nipeni mpaka iishe."

"Hilo siwezi, mzee wangu. Nitawaambia nini wengine?"

"Ada ya mtoto haijatimia."

Mzee mmoja akasema, "Ni mtoto wa kike, Yeremia. Amekwisha jua kusoma jina lake. Kwa ajili ya hilo unaacha kiti?"

Baba akamgeukia. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Kiti mtanirudishia siku moja, mkiniona nimeacha. Huyu akirudi nyumbani mwezi huu, mwezi ujao wataleta jembe. Hapo mimi nitarudishiwa mtoto na nani?"

 Mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni, mikono ina unga. "Na mimi mniandike," akasema. "Mbeta niliziosha mimi."

Hivyo Jumapili iliyofuata kiti cha mbele kilikuwa wazi. Baba alivaa koti lake vile vile, limepigwa pasi vile vile, akaingia, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, ambako walikaa waliotengwa na watu waliochelewa. Mama alikaa benchi la mwisho upande wa wanawake. Siku ya meza ya Bwana watu walipopanga mstari kwenda mbele, wao wawili walibaki wamekaa, mmoja huku mmoja kule. Mimi sikujua niangalie wapi.

Baba aligema mpaka mwisho wa mvua. Ada ikatimia, na Mwalimu Samweli, ambaye alikuwa amekaa kwenye baraza lile, akaipokea kwa mikono miwili. Mzee Lukas alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. "Mwenye ulanzi katolewa nje, fedha ya ulanzi imeingia ndani! Mwalimu hakuinusa?" Baba naye akacheka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka toka Pasaka. Mianzi ilipoacha kutoa maji alikusanya mbeta zote za Babu, akazichoma moto nyuma ya nyumba.

Tabita aliolewa kabla ya mvua kurudi. Lile jembe la ng'ambo ya bonde lilipita mlangoni kwetu likaingia kwao.

Mwisho wa mwaka ilikuwa desturi mmoja wa darasa la nne asome somo kanisani. Mwalimu Samweli akanichagua mimi. Nilimwambia kwa kunong'ona kwamba siwezi. Akasema, "Tabita hayupo. Utasoma wewe."

Jumapili ile mvua ilinyesha kubwa. Tulikuwa tunasalia katika nyumba ya shule, na mabati yalikuwa mapya, yale yale yaliyopandisha ada, na ninyi mnajua kelele ya mvua juu ya bati. Nikasimama mbele.  Nilisoma mstari wa kwanza, na waliokaa karibu wakainamisha vichwa kunisikiliza. Nikainua macho. Kule mwisho kabisa, mlangoni, mvua ikimrukia begani, nikamwona Baba amesogea mbele kwenye ukingo wa benchi, ameweka mkono nyuma ya sikio. Alikuwa hasikii.

Sijui ile sauti ilitoka wapi. Nilisoma kwa kupiga kelele, wasomaji wangu, kama Tabita anavyoita mtu ng'ambo ya mto. Nilisoma mpaka shingo ikauma, neno kwa neno, nikiliangalia benchi la mwisho na si lingine. Nilipomaliza Baba alishusha mkono, akaegemea ukuta, akafumba macho.

Baba na Mama walirudishwa kundini Krismasi ile. Kiti hakurudishiwa. Walikuwa wamekwisha weka mtu mwingine, na yule hakufanya kosa lolote la kumwondoa. Mpaka leo Baba anakaa katikati na watu wengine, koti lile lile, sasa limechakaa viwiko. Sijawahi kumsikia akilitaja jambo hilo.

Wakati mwingine, ukungu ukikaa sana hapa Iyunga, najiuliza kama ilistahili. Shule ya kati ilikuwa mbali, ya bweni, ada yake hata mianzi ya Uhehe yote isingetosha. Sikuwa mwalimu, sikuwa nesi. Nashona nguo za watu, na jioni majirani wananiletea barua zao niwasomee. Darasa la nne tu. Lakini nilichumbiwa nikiwa nimekua, na nikaulizwa mimi mwenyewe, na nilijibu kwa mdomo wangu kwamba bado.

Siku hizi ada imepanda tena. Kaka Yohana hulalamika kila inapofika Januari, na wifi yangu, Mnyakyusa wa Tukuyu, anauza ndizi mbivu barabarani ili mtoto wao asikae nyumbani. Mtoto mwenyewe ana viatu, ana koti la mvua. Juzi alichungulia nje akaniambia, "Shangazi, leo kuna matope, nadhani siendi." Anataka uji wenye sukari, na usipokuwa na sukari anautazama kama dawa. Hajui kuteleza na ganda la mwanzi. Nilipomweleza aliniuliza kwa huruma, "Hamkuwa na mpira?" Simlaumu. Naye siku moja atakuwa mtu mzima, atasimama mlangoni na kikombe cha chai, atazikumbuka ndizi za mama yake na hatajua aanzie wapi kusimulia.

Sisi tuliosoma miaka ile tulidhani ada ni fedha, kwamba ikitimia imekwisha. Wazazi wetu walikuwa wanalipa na vitu vingine, kimya kimya, wakatuambia tuwahi, chuma kinagongwa.

Sasa mkono umechoka. Naomba mniandikie, hata kama mwandiko wenu ni mbaya kama wangu, nitausoma tu. Nielezeni kwenu ilikuwaje, na kama yupo mzazi aliyeacha kitu chake ili wewe ukae darasani, niambie kilikuwa kitu gani, na kama ulipata nafasi ya kumwambia kwamba ulimwona alipokiacha. Mimi bado sijamwambia Baba.